Fuko Uani: Sumu Isiwe Jibu la Kwanza

Mvua za masika zinapoilainisha ardhi ya Kilosa, vifusi vidogo vya udongo mbichi huanza kuonekana katika nyua nyingi, kuanzia mitaa iliyo karibu na mto Mkondoa hadi kwenye nyumba za Mikumi zilizo kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Siku ya kwanza huonekana kifusi kimoja karibu na shina la muhogo. Siku ya pili huongezeka viwili, na baada ya juma moja vifusi vimejipanga kuikata bustani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Muhogo uliokuwa umesitawi hunyauka bila sababu ya kuonekana. Mwenye nyumba akiung'oa hukuta mizizi imetafunwa, yamebaki maganda matupu. Hapo ndipo jina la mharibifu linapotajwa: fuko.

Hasira ya mwenye nyumba ni ya haki. Bustani ya uani si pambo. Kwa kaya nyingi, mashina machache ya muhogo na matuta mawili matatu ya viazi vitamu nyuma ya jiko ndiyo yanayoivusha familia katika miezi ambayo mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha na ya mwaka huu hayajakomaa. Mnyama anayeyala mazao hayo anakula chakula cha watoto.

Tatizo haliko katika hasira, bali katika jambo linalofuata. Aghalabu hasira hiyo huishia gulioni. Huko, juu ya meza ile ile iliyopangwa viwembe, sindano na viberiti, hupatikana kijipakiti cha unga wa kijivu au karatasi iliyofungwa vidonge, bila jina la kemikali, bila maelezo ya matumizi na bila onyo lolote. Unga huchanganywa na pumba au dagaa, huwekwa kwenye mdomo wa shimo, na watu huenda kulala wakitumaini kwamba kazi imekwisha. Asubuhi huonekana kuku wamelala chini na kifusi kipya kimechomoza pembeni yao.

Jambo hili linastahili kusemwa waziwazi: uani si mahali pa sumu. Sumu iliyowekwa kwa ajili ya fuko ni nadra kumpata fuko, lakini ni rahisi sana kumpata kuku, mbwa, paka au mtoto. Na njia za kumwondoa mnyama huyu bila kuhatarisha maisha zipo. Ni za bei ndogo, na wazee wengi wanazijua. Kinachohitajika ni kumfahamu mnyama kwanza, kisha kuchagua silaha.

Fuko ni mnyama gani

Fuko wa sehemu hizo anajulikana kwa wanasayansi kwa jina la Heliophobius argenteocinereus, maana yake "mwogopa jua mwenye rangi ya fedha na majivu". Jina hilo linamfaa. Manyoya yake ni laini na yana rangi ya fedha iliyofifia, macho yake ni madogo mno, masikio hayaonekani kwa nje, na mkia ni mfupi. Meno yake ya mbele hutokeza nje ya mdomo, na midomo hufunga nyuma ya meno hayo, hata anaweza kuchimba kwa meno bila udongo kumwingia kinywani. Ijapokuwa watu humwita panya wa chini ya ardhi, kwa nasaba yuko karibu zaidi na ndezi na nungu kuliko panya wa nyumbani.

Mambo matatu katika maisha yake yana maana kubwa kwa mwenye bustani.

La kwanza, fuko huyu huishi peke yake. Isipokuwa wakati wa kujamiiana na wakati mama analea, kila mmoja hukaa katika njia zake mwenyewe na hupigana na mwenzake anayeingia humo. Njia hizo zaweza kufikia urefu wa makumi ya mita. Kwa hiyo mtu aonaye vifusi kumi na viwili uani asidhani kwamba amevamiwa na jeshi. Mara nyingi vifusi hivyo vyote ni kazi ya mnyama mmoja.

La pili, huzaa polepole. Mimba yake huchukua takriban miezi mitatu, na watoto huwa wachache. Fuko mmoja akiondolewa uani, nafasi yake haijazwi na kizazi kipya baada ya majuma machache. Huweza kupita muda mrefu kabla mwingine hajafika kutoka jirani.

La tatu, hula chini ya ardhi. Chakula chake ni mizizi na viazi anavyokutana navyo anapochimba, na vingine huvibeba na kuviweka akiba katika ghala lake la chini. Hapandi juu kutafuta pumba wala dagaa. Chambo kilichowekwa juu ya ardhi ni mwaliko kwa wengine wote isipokuwa yeye.

Mtu akiyaweka pamoja mambo hayo matatu ataona kwamba sumu ya juu ya ardhi ni silaha isiyolingana na adui huyu. Mnyama ni mmoja, haongezeki kwa haraka, na chambo hakioni. Mnyama wa namna hiyo hutegwa. Hapigwi vita ya sumu.

Panya shamba ni habari nyingine

Hata hivyo, si kila shimo la uani ni la fuko, na kosa la kwanza la watu wengi ni kuwachanganya wachimbaji. Fuko hufunga njia zake kwa udongo. Kifusi chake huwa hakina mlango ulio wazi. Shimo lililo wazi, lenye ukubwa wa kuingia vidole viwili au vitatu, na lenye njia nyembamba iliyokanyagwa katika majani, kwa kawaida ni la panya shamba.

Panya shamba, ambaye kwa jina la kisayansi ni Mastomys natalensis, ni kinyume cha fuko karibu katika kila jambo. Mimba yake huchukua majuma matatu na siku chache tu, na jike mmoja huzaa kwa wastani watoto 11 hivi kwa mara moja. Baadhi ya majike wana matiti yafikayo 24. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao kutoka nje, wamemchunguza panya huyu kwa miongo mingi. Wameonyesha kwamba idadi yake hufuata mvua. Mvua za vuli zikiwa nyingi, panya huanza kuzaana mapema kabla ya masika, na mwaka huo huweza kuzuka wingi wa panya usio wa kawaida. Katika mwaka wa kawaida hasara inayoletwa na panya katika mazao nchini imekadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 15. Katika mwaka wa mlipuko, shamba zima la mahindi laweza kufukuliwa siku chache tu baada ya kupandwa.

Yupo pia panya buku, mkubwa na mwenye mifuko mashavuni, ambaye naye huchimba karibu na makazi na kuiba nafaka. Huyu amewashangaza wengi. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku mjini Morogoro, katika eneo la Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Panya waliofundishwa huko wamesaidia kusafisha ardhi yenye mabomu katika Msumbiji, Angola na Kambodia. Mnyama anayefukuzwa kwa mawe Kilosa ameokoa miguu ya watu mbali na Kilosa. Hilo halimfanyi awe mgeni mwema ghalani, lakini linakumbusha kwamba elimu humwonyesha mtu upande wa pili wa kitu alichokizoea.

Sumu inavyofanya kazi

Sumu zinazotumika dhidi ya panya ni za aina kadhaa, na anayezinunua bila jina hana njia ya kujua ipi iko mkononi mwake.

Unga wa kijivu mweusi wenye harufu iliyo karibu na ya kitunguu saumu kwa kawaida ni fosfidi ya zinki. Ukifika tumboni hukutana na asidi na kutoa gesi iitwayo fosfini, nayo huharibu moyo, mapafu na ini. Haina dawa mahususi ya kuibatilisha. Daktari hubaki kuusaidia mwili upigane wenyewe. Kuku na bata hufa kwa kiasi kidogo tu. Panya mwenyewe, ambaye kwa maumbile hawezi kutapika, hufa haraka akila vya kutosha. Lakini akionja kidogo na kuugua bila kufa, hukikataa chambo hicho baadaye. Ndiyo maana mtu anayemwaga sumu ovyo kila wiki huishia kuwafundisha panya wake kuikwepa.

Aina ya pili ni zile zinazozuia damu kuganda. Panya hula leo na kufa baada ya siku kadhaa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Sumu hizo zina dawa, yaani vitamini K inayotolewa na daktari, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa na nafuu kwa binadamu. Lakini zile kali zaidi hukaa kwa muda mrefu katika ini la mnyama aliyezila. Panya aliyekula sumu na bado anatembea kwa kuyumba ni windo jepesi la paka na bundi, na sumu husafiri pamoja na nyama.

Aina ya tatu ndiyo ya kutisha kuliko zote inapotumiwa nyumbani. Hivi ni vidonge vya fosfidi ya alumini, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kufukizia nafaka katika maghala yaliyofungwa vizuri, chini ya usimamizi wa mtu aliyefunzwa. Vidonge hivyo vikipata unyevu wa hewa au wa udongo hutoa fosfini. Kwa kuwa vimezoeleka katika vita dhidi ya dumuzi, wapo watu wanaovitumbukiza katika mashimo ya uani na kuyaziba, wakidhani kwamba gesi itabaki humo. Gesi haina uaminifu huo. Hupenya katika nyufa za udongo, hufuata njia alizochimba mnyama mwenyewe, na njia hizo mara nyingine hupita chini ya ukuta wa chumba cha kulala.

Hayo si maneno ya kutishia watu. Mwezi wa Februari 2010, katika mji wa Layton, jimbo la Utah, Marekani, vidonge vya namna hiyo viliwekwa katika mashimo ya wanyama wachimbaji karibu na nyumba ya familia moja. Aliyeviweka alikuwa mtu wa kampuni inayofanya kazi hiyo. Watoto wawili wa nyumba hiyo walifariki. Mwaka ule ule serikali ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya vidonge hivyo katika mashimo yaliyo kwenye makazi ya watu, na kwa majengo mengineyo ikaagiza umbali usiopungua futi 100, yaani mita 30 hivi. Mwezi wa Januari 2017, katika mji wa Amarillo, jimbo la Texas, watoto wanne wa familia moja walifariki baada ya maji kumwagwa juu ya sumu ya aina hiyo iliyokuwa imewekwa chini ya nyumba. Maji yaliyokusudiwa kuiondoa ndiyo yaliyoiwasha.

Ikiwa nyumba hizo, katika nchi yenye wakaguzi wengi, hazikuweza kuizuia gesi hiyo, itazuiwa na nini katika nyumba ya miti na udongo yenye sakafu ya ardhi? Uwanja wa nyumba nyingi za Kilosa na Mikumi haufiki mita 30 kutoka ukuta hadi mpakani. Kwa kipimo hicho, hakuna shimo la uani lililo mbali ya kutosha.

Uani ni mlango wa mbuga

Kwa wakazi wa Mikumi lipo jambo la ziada. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230, inapakana na makazi na mashamba yao. Mpaka huo unajulikana kwa binadamu tu. Bundi, mwewe, nguchiro, kicheche na paka pori hutoka na kuingia usiku na mchana, na wengi wao huja kwa sababu ya panya. Kwa maneno mengine, hifadhi huwapelekea wananchi wawindaji wa panya bila malipo.

Sumu huwalipa wawindaji hao kwa kifo. Na hapa pana upotevu wa pande mbili, kwa maana panya huzaana na kurudi upesi, lakini bundi huchukua muda mrefu kurudi. Jozi ya bundi inayolisha makinda hukamata panya kadhaa kila usiku. Hakuna kaya inayoweza kununua huduma hiyo.

Ni jambo la kusikitisha kwamba ndege huyo bado anapigwa mawe na kuchomewa kiota kwa imani kwamba ametumwa na wachawi au kwamba sauti yake hutangaza msiba. Anayemwua bundi wa uani amewaongezea panya maisha, kisha huenda gulioni kununua sumu ya kufanya kazi ambayo ndege huyo alikuwa akiifanya bure. Walimu wa shule za msingi wanaweza kuiondoa imani hii kwa somo moja tu: watoto wakusanye matonge anayoyatema bundi chini ya mti wake, wayapasue kwa kijiti wakiwa wamevaa mifuko mikononi, na wahesabu mafuvu ya panya yaliyomo.

Njia zisizo na sumu

Kwa fuko, njia bora ni mtego, na mafanikio yake hutokana na tabia ya mnyama mwenyewe. Fuko hapendi njia yake iwe wazi. Ikitobolewa, hewa na mwanga vikaingia, hurudi kuiziba. Kwa hiyo mwenye bustani husawazisha vifusi vyote jioni, na asubuhi hutazama ni wapi pamechomoza udongo mpya. Hapo huchimba kwa uangalifu hadi aikute njia, akaiacha wazi. Akirudi baada ya saa chache na kukuta imezibwa, amekwisha pata hakika kwamba mnyama yu hai na anapita hapo. Ndipo hutega: kitanzi cha waya ndani ya njia, kimefungwa kwenye fito imara iliyopindwa juu ya ardhi, na kizuizi kidogo kinachoishikilia fito. Fuko akisukuma udongo kuja kuziba, hukifyatua kizuizi, na fito hunyanyuka. Mtego utazamwe asubuhi na jioni ili mnyama asiteseke bure, na ufunikwe kwa kapu au tenga lenye jiwe juu yake ili mtoto asiukanyage.

Pamoja na mtego zipo hatua za kinga. Muhogo uliokomaa usiachwe ardhini miaka na miaka kama akiba, kwa kuwa unakuwa akiba ya fuko. Uvunwe kwa zamu na kukaushwa. Viazi vitamu vinaweza kupandwa katika magunia yaliyojazwa udongo na kuwekwa juu ya mawe. Mwenye uwezo wa kununua kipande cha wavu wa chuma wenye matundu madogo anaweza kuutandika chini ya tuta la miche yake, akaukunja pande zote. Kumwaga maji katika mashimo ni kupoteza nguvu, kwani njia ni ndefu na udongo hunywa. Kumimina mafuta ya taa au petroli ni hatari ya moto, na huharibu udongo na maji ya kisima.

Kwa panya shamba, mtego mmoja wa kaya moja hautoshi, kwa sababu walioko kwa jirani watahamia usiku huo huo. Hapo dawa ni umoja. Majani yafyekwe kuzunguka nyumba na mashamba. Majirani wapande kwa wakati mmoja ili panya wasipate meza iliyotandazwa kwa miezi mitatu. Nafaka ihifadhiwe katika mapipa yenye vifuniko au katika vihenge vilivyoinuliwa juu ya nguzo zenye makoni ya bati. Mitego itegwe kila nyumba, usiku ule ule, kwa siku kadhaa mfululizo. Haba na haba hujaza kibaba, nayo methali hiyo inahusu mizoga ya panya kama inavyohusu nafaka.

Mizoga isishikwe kwa mikono mitupu. Ugonjwa wa tauni ulioanza kuisumbua wilaya ya Lushoto mwaka 1980 uliletwa na viroboto wa panya, na homa ya mgunda iliyoua watu huko Ruangwa mwaka 2022 ni ugonjwa unaoweza kuenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Mfuko wa plastiki mkononi, shimo refu la kufukia, na sabuni baada ya kazi hutosha kwa kinga ya kawaida.

Na ikitokea mtu amemeza sumu ya panya, asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa au mafuta kwa kufuata mazoea. Akimbizwe hospitali pamoja na pakiti au mabaki ya sumu yenyewe, ili daktari ajue anapambana na nini. Madirisha ya gari yaachwe wazi, kwa kuwa matapishi ya aliyemeza fosfidi huweza kutoa gesi.

Hoja ya wanaotetea sumu

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni mepesi kwa aliyeshiba. Mtego unataka muda na subira. Sumu ni ya shilingi chache na inafanya kazi mtu akiwa amelala. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Tena ni kweli kwamba katika mwaka wa mlipuko wa panya, mashamba makubwa ya mahindi hayawezi kuokolewa kwa vitanzi peke yake. Sumu iliyosajiliwa, ikigawiwa na kusimamiwa na bwana shamba, kwa kipimo na kwa wakati uliotolewa na wataalamu, ina nafasi yake katika vita hiyo.

Lakini uwanja si shamba. Shambani chambo hutegwa mbali na jiko, wananchi wakiwa wametangaziwa na mifugo imefungwa. Uani ndipo mtoto wa miaka miwili anapojifunza kutembea, akiokota kila anachokiona na kukitia kinywani. Ndipo sufuria zinapooshwa na kuanikwa. Ndipo kuku wanapodonoa kutwa nzima, na mayai yao huliwa nyumba hiyo hiyo. Urahisi wa sumu ni wa siku ya kuinunua tu. Gharama yake huja baadaye, na haichagui wa kuilipa.

Yanayopasa kufanywa

Mwananchi hawezi kuachiwa mzigo huu peke yake. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na mojawapo ya kazi zake ni kuhakikisha kwamba viuatilifu vinavyouzwa nchini vimesajiliwa na vinauzwa na watu wenye idhini. Sheria hiyo inapaswa kuonekana gulioni, mahali ambapo sumu hupimwa kwa kijiko na kufungwa katika karatasi ya daftari. Kijipakiti kisicho na jina la kemikali ni hatari hata kabla hakijafunguliwa, kwa kuwa kinamnyima daktari habari ya kwanza anayoihitaji.

Halmashauri za vijiji nazo zina wajibu. Mtaalamu wa kutega fuko si lazima atoke mbali. Karibu kila kijiji kina mzee mmoja anayejua kupinda fito. Ujuzi huo unazeeka pamoja na wenye nao. Lingekuwa jambo la busara vijana wawili watatu wa kila kijiji wakafundishwa nao, wakawa wanaitwa kwenye nyua za watu kwa malipo madogo. Gharama ya siku mbili za kazi yao ni ndogo kuliko thamani ya jogoo mmoja aliyekufa kwa sumu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga kiko ndani ya wilaya yenyewe ya Kilosa, na chuo kikuu cha kilimo kiko Morogoro. Elimu haiko mbali. Iliyobaki ni kuifikisha nyuma ya jiko.

Fuko hatakwisha katika ardhi ya Kilosa, wala haimpasi mtu kutamani akwishe, kwa maana uchimbaji wake hugeuza udongo na kuupa hewa huko porini. Kinachotakiwa ni kumwondoa mmoja aliye chini ya muhogo wa familia, bila kumpoteza yeyote wa familia hiyo. Kwa kazi hiyo, fito moja, waya na subira ya siku mbili ni bora kuliko kila kijipakiti kilichoko gulioni.